Mwavuli Nambari Tatu

Shinyalu mvua haipigi hodi.
Saa tisa jua bado linaanika mahindi,
saa kumi kasorobo mbingu ni kitako cha sufuria,
masizi matupu,
na watoto wa Gredi ya Kwanza wamekumbatia mabegi
mbele ya ofisi, wakiutazama mtaro unavyonenepa.

Siku hiyo niliandika ubaoni: AKIBA.
Nikaipigia mstari mara mbili.
Nikasema, haba na haba,
wakamalizia wenyewe kwa ile sauti ya kuvuta
wanayoitumia kwa mambo wasiyoyaamini.
Simu ikanitetemeka pajani.
Mteja mpendwa, mkopo wako umechelewa siku kumi na moja.
Nikaibana, kama anayebana kikohozi kanisani.

Khasandi akainua mkono.
"Mwalimu, wewe unayo?"
"Nini?"
Akauelekeza kidole ubaoni.

Nikafuta ubao.
Nikasema, leo tupige hesabu ya mvua.

Imenyesha siku ngapi mwezi jana?
Kumi na tisa. Imbuga anajua,
kila akilowa huchora alama ya mkaa mlangoni mwa choo.
Mwavuli Khayega ni pesa ngapi?
Mia tatu na hamsini;
ukimwahi Mama Muhonja kabla hajanywa chai, mia tatu.
Nani anao nyumbani?
Mikono minne, kati ya watoto hamsini na wawili.

Muhula mzima wakauza miche ya sukuma wiki
ndani ya pakiti za maziwa zilizooshwa,
wakapata elfu moja mia tano na arobaini.
Miavuli mitano. Arobaini iliyobaki
ilinunua daftari, na misumari ya kuitundikia.

Kukodi, shilingi tano. Hapo hapakuwa na ubishi.
Ubishi ulizuka kwa wale wadogo.
"Bure itatula," Imbuga alisema, "itatula mpaka misumari."
Khasandi akajibu bila kusimama:
"Akilowa atakohoa. Akikohoa haji.
Asipokuja, kesho utamkodishia nani? Mtaro?"
Wakapiga kura. Thelathini na mmoja, ishirini na mmoja.
Imbuga akanuna siku mbili.
Ya tatu nilimwona akivuka mtaro
na mtoto wa watu mgongoni,
mwavuli kaushika kwa meno.

Nambari mbili ikavunjika ubavu wiki ya pili.
Neno "uchakavu" nilikuwa nimelipangia mwezi ujao;
walinitangulia:
katika kila tano wakaanza kutenga moja
ya mbavu ambazo bado hazijavunjika.

Kisha ikaja Alhamisi.
Nilichelewa kusahihisha, nikatoka, mvua hiyo.
Mfukoni: funguo, kipande cha chaki,
simu niliyoizima kwa hiari yangu.
Khasandi yuko barazani na meza yake.
"Shilingi tano, mwalimu."
"Sina."
Hakucheka. Hakunihurumia pia.
Akafunua ukurasa wa nyuma,
ule niliodhani ni mtupu,
akaandika polepole, ulimi nje kidogo:
Mw. Lumbasi. Na. 3. Sh. 5.
"Weka sahihi."

Nimeweka sahihi nyingi maishani, na vidole vingi,
nikibonyeza kubali, kubali, kubali.
Masharti ya Khasandi yalikuwa mstari mmoja,
nikayasoma yote:
Urudishwe ukiwa mkavu.

Usiku niliutundika wazi sebuleni,
ukajaza chumba kama mgeni mwenye mwili.
Nikachukua karatasi na kalamu nyekundu
nikaandika ninaodaiwa nao, mmoja mmoja.
Walijaza upande wa kwanza, wakageukia wa pili.
Juu kabisa: Gredi ya Tano, shilingi tano.

Chini ya mwavuli niliweka kisahani cha chai,
sakafu isilowe.
Asubuhi kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.
Nilikimwaga nje.
Darasani sikuwaambia.