Ufa Namba Kumi na Saba

Kwa Ofisi ya Malalamiko, Benki ya Maendeleo.
Anayeandika ni Nazibrola, mjane wa Otia,
wa Zemo Tskaro, nyumba ya mwisho juu,
pale gari lenu lilipogeuzia.

Huu ni mwaka wa tatu tangu mhandisi wenu,
kijana mpole, viatu vyake havijui tope,
alipobandika kipande cha kioo juu ya ufa wa sebule yangu:
gundi huku, gundi kule, kioo katikati kama daraja.
Akaandika kwa wino mwekundu: 17.
Akasema, Mama, usiuzibe.
Ufa ni ushahidi. Kioo kikivunjika
tutajua kwamba nyumba inatembea.

Nikamwambia mkalimani amwambie
sisi tunajua kwamba inatembea.
Kabati la vyombo hujifungua lenyewe usiku.
Yai nikiliweka mezani, linajiendea zake upande wa bonde.
Mkalimani akatafsiri neno moja tu.

Sikuuziba.
Mimi niliyekua nikiambiwa
usipoziba ufa utajenga ukuta,
kwa heshima ya faili lenu
nimelala na ufa misimu mitatu ya theluji.
Nimeuvika blanketi la marehemu.
Nimeuzoea mluzi wake upepo ushukapo mlimani.
Mwaka wa kwanza mjukuu wangu Malkhazi
alipitisha jani kutoka nje, nikalipokea ndani, tukacheka.
Mwaka wa pili, kijiko.
Majuzi alipitisha mkono mzima akanisalimu,
wala hatukucheka.

Chini yetu limepita handaki,
kilomita tisa. Mto umetungwa humo kama uzi kwenye sindano
ili utokee upande wa pili ukiwa umeme.
Siupingi umeme. Nina taa moja, na bili yake nalipa.
Ila baruti zilipolia, chemchemi ilinyamaza,
ile ile iliyokipa kijiji jina.
Ng'ombe wangu bado huishukia asubuhi,
hulamba jiwe,
kisha hunitazama.

Katika mkataba wenu, ukurasa wa sitini na mbili,
mmetuita "wapokea athari".
Nimelitafuna neno hilo jikoni siku nyingi.
Mgeni hupokewa. Posa hupokewa.
Hata rambirambi, mtu hunyoosha mikono akazipokea.
Athari yenu haikubisha hodi.

Meneja wenu alisema: sisi tunakopesha, hatujengi,
muulizeni mkandarasi.
Mkandarasi: iulizeni serikali.
Serikali: uulizeni mlima, umezeeka.
Kweli mlima umezeeka.
Lakini kila sanduku la baruti lilikuwa na risiti,
na kila risiti ina jina la aliyelipa.

Mwishowe wakaguzi wenu waliandika, tena bila kumung'unya,
kwamba benki haikuzifuata kanuni zake yenyewe.
Nawashukuru. Nililia niliposomewa.
Ripoti ina kurasa mia moja na nne.
Nimejaribu kuichomeka ufani.
Inaangukia nje.

Namba kumi na sita ilikuwa ya jirani yangu Guguli.
Siku hizi ni rundo la mawe, na namba bado inasomeka
kwenye jiwe moja, imepinduka.
Yeye yuko mjini kwa dada yake, analala sebuleni,
anauliza kwa simu kama mlozi wake umechanua.
Namwambia ndiyo.

Sasa sababu ya barua hii.
Jumanne usiku kioo kilivunjika.
Sauti ndogo tu, kama njiti ya kiberiti.
Niliamka nikawasha ile taa,
nikaandika tarehe ukutani kwa mkaa, chini ya wino wenu.
Ushahidi mnao.

Kesho nachanganya chokaa.
Nitauziba ufa kuanzia darini hadi usawa wa kiuno.
Hapo nitaacha nafasi ya kiganja,
si kwa ajili ya upepo.
Ni ya yule aliyetia saini.
Apande mpaka huku juu, avue glavu,
auingize mkono wake.
Mimi nitakuwa nimesimama upande wa ndani.
Nitaupokea,
wala sitauachia mpaka tuzungumze.