Kilomita ya Kumi na Nane

Wenye miguu ya tuzo walishapita,
wameoga, wako kwenye chai.
Mimi ndio kwanza naiacha Lanet,
goti la kushoto likinidai deni la mwaka jana.

Penye duka la mbolea, mama mkwe,
Tapsubei, amekalia kreti ya soda,
kopo mapajani, leso juu yake.
"Umechelewa," anasema. "Uji umepoa."

Naunywa nikitembea.
Cheruto anakimbia kando yangu na ndara
hadi moja inakatika ukanda.
Anaivua.
Anavua na ya pili.

"Mama, nyuma yako wako wangapi?"

Sigeuki.
"Wapo," namwambia,
nami nasikia gari la wagonjwa tu,
likinifuata taratibu,
kwa adabu.