Hatua Sitini na Moja

Tepu yangu ni ya mita hamsini,
imefutika namba kwenye kumi na mbili
kwa kuwa breki nyingi za hapa Nyangao huishia hapo.
Leo nimeikunjua, nimeikunja tena.
Hakuna cha kupima.

Lami imekaa kimya. Hakuna mstari mweusi,
hakuna harufu ya mpira ulioungua,
ila korosho, magunia ya korosho yaliyopasuka,
zimetiririka hadi mtaroni, na watoto
wanaziokota kwa adabu, wakinitazama usoni;
wakiona sikemei, wanaongeza mikono.

Dereva amekaa juu ya jiwe la kilomita.
Hashimu Namkulya. Nimeandika.
Miaka thelathini na minne. Nimeandika.
"Mimi sinywi, afande. Tangu nizaliwe
tone halijapita hapa," anagusa koo.
Nampa kipima ulevi, anakipuliza kwa moyo wote
kama mtoto aliyepewa puto.
Sifuri.
Ananitazama: unaona?
Kifaa changu kinajua pombe tu.
Moshi hakikusomeshwa.

Utingo wake ndiye anayetetemeka,
na anayetetemeka hawezi kupanga uongo.
Walisimama Mtama, nyuma ya gereji,
wakagawana msokoto mmoja.
"Wa kuondoa uchovu tu, afande.
Akivuta hakimbizi gari. Anatulia."
Na kweli hakukimbiza. Arobaini na tano,
mwendo wa kupeleka bibi harusi.

"Nilimwona," anasema Hashimu.
Sijamuuliza.
"Nilimwona tokea pale, kwenye mkorosho ulioinama.
Anavuka, ndoo ya ming'oko kichwani,
mvuke unatoka. Mvuke, afande, niliuona!
Kanga yake rangi ya bizari, nikasoma maneno:
Riziki Haina Haraka.
Nikasema moyoni, haya ni maneno mazuri.
Nikayarudia.
Nilikuwa na muda. Wallahi, nilikuwa na muda mwingi.
Nilishaamua kukanyaga breki.
Nilidhani nimeshakanyaga."

Kalamu imesimama.
Fomu ina mahali pa mwendokasi,
pa tairi kipara, pa taa mbovu, pa mvua, pa ng'ombe.
Haina mahali pa mguu
uliopewa amri ukabaki unaisikiliza.

Nimekwenda mpaka kwenye mkorosho.
Nimerudi kwa miguu, nahesabu kwa sauti,
na kila hatua nikimngojea:
hapa. Basi hapa. Hata hapa, Hashimu,
hata hapa angetoka na mchubuko tu.
Sitini na moja.
Ya mwisho imekanyaga king'oko, bado kina moto.

Somoe Chilindima wamempeleka hospitali
kwa pikapu ya mwalimu, chini wametandika magunia.
Kandambili moja imebaki, imetazama ng'ambo,
upande aliokuwa anakwenda.
Nesi amepiga simu. Sitasema alichosema,
sijamaliza fomu.

Nina mdogo wangu anaendesha lori njia ya Tunduru.
Sikukuu iliyopita alinicheka:
dada, nyie mnakamata majani, kamateni walevi,
sisi jani linatufundisha subira.
Nikacheka naye. Nikamwongezea wali.
Usiku huu nitampigia,
na sijui nianzie wapi: kwenye mvuke,
au kwenye maneno ya kanga,
au kwenye lami hii isiyo na kosa lolote la kuonyesha.

Jua linachoma. Foleni imefika hadi darajani,
wanapiga honi.
Namwita utingo anishikie ncha ya tepu
pale kwenye mkorosho. Anaishika kwa mikono miwili.
Navuta, navuta, napita kwenye kumi na mbili iliyofutika,
navuta hadi kwenye kandambili.
Mita arobaini na sita za hakuna.
Nimeandika.