Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
walichosema, si walivyosema.
Kicheko hakina safu katika kumbukumbu,
wala kwikwi, wala yule mzee wa mstari wa nyuma
anayekunja miwani na kuikunjua
kila jina la barabara yake linapotajwa.

Ajenda ya saba: Viwango vya Kuidhinisha Nyumba.
Kifungu cha nne kinataka jengo jipya
"lilingane na hadhi ya mtaa."
Jimbo limetuandikia barua: kifuteni.
Kisichopimika kisiwe sababu ya kukataa.

Basi mji wa Encina Baja, watu elfu kumi na tisa,
mito miwili, mmoja mkavu,
umekaa tangu saa kumi na mbili jioni
kutafuta hadhi ina futi ngapi.

Diwani Stroud: Na paa je?
Garrick wa Mipango: Mteremko, nne kwa kumi na mbili.
Madirisha?
Asilimia ishirini na tano ya ukuta unaotazama barabara.
Rangi?
Garrick akafungua jalada, akalifunga.
"Rangi tulijaribu," akasema. "Tulijaribu wiki tatu."
Watu wakacheka. Sikuandika.

Bi Oleta Brandvold, kwa dakika zake tatu,
alikuja na malimau ndani ya mfuko wa karatasi,
akayapanga mezani mbele ya maikrofoni, moja moja,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Mlimau wake una miaka arobaini na mmoja.
Ghorofa nne zikipanda upande wa kusini
kivuli kitahamia kwake Novemba
na hakitatoka hadi Februari.
"Mnataka namba? Andikeni:
mia mbili na kumi, mavuno ya mwaka jana.
Nilihesabu mwenyewe. Mume wangu hayupo tena wa kuhesabu."
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.
Kalamu ikanisaliti, ikaandika *mia mbili na kumi*
kwa mwandiko mzuri.

Akafuata Efraín Cuevas, aproni bado kiunoni,
mikono imekunjamana kwa maji ya vyombo.
"Nyumba yangu," akasema, "ni futi kumi na tano kwa sita.
Ina madirisha pande zote, asilimia mnaipita.
Iko nyuma ya maktaba, futi kumi kutoka barabarani,
na usiku naisogeza askari wakigonga kioo.
Naomba kujua kama imeidhinishwa."
Taa nyekundu ikawaka.
Mwenyekiti akasema asante, kama anavyomwambia kila mtu.

Saa tano kasoro, Diwani Thuy-Linh Dao
akapata njia: neno *hadhi* lihamishwe,
litoke kwenye kifungu, liende dibaji,
huko maneno yanakokwenda kustaafu.
Ghorofa nne ziwe tatu
pale jengo linapopakana na nyumba ya chini.
Tatu wakakubali, wawili wakakataa.
Stroud aliinua mkono, akaushusha, akauinua.
Mimi huhesabu mkono wa mwisho.

Garrick akapiga hesabu pembeni mwa karatasi:
kiwanja cha kusini, nyumba hamsini
sasa zitakuwa thelathini na nane.
Mlimau utapata jua hadi wiki ya pili ya Desemba.
Zile kumi na mbili hazikuwa na jina,
hazikusajiliwa kuzungumza,
nami sikuwa na safu ya kuziweka.

Kikao kiliahirishwa saa tano na dakika hamsini na mbili.
Nilizima taa, nikakusanya vikombe.
Malimau yalikuwa bado pale mezani. Nilichukua mawili.

Naishi maili arobaini na saba mashariki,
ng'ambo ya mashamba ya lozi,
kwa sababu mshahara wa mji huu
haununui hata choo ndani ya mji huu.
Hilo halijawahi kuwa ajenda,
na miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika ajenda.

Kwenye kona ya ghala la mbolea limau moja
lilibingirika likaingia chini ya kiti.
Nililisikia likigonga chuma, likatulia.
Nitalitafuta kesho, kukiwa na mwanga.