Mkate Ndani ya Bomba

Fundi Magumba aliingia Walukuba Jumamosi
na spana zake ndani ya gunia la sementi.
Akaligonga sinki jipya kwa ukucha,
likamjibu kama sahani ya harusi.
"Zuri. Sasa nionyeshe ukuta."

Ukuta naujua. Nimekua nao.
Ndani yake limelala bomba la chuma
alilolifunga baba mwenyewe, mwaka niliozaliwa.
Lilipanda hadi koki moja jikoni, likakoma,
kama mtu aliyesema neno moja akanyamaza.
Kwa koki hiyo tumepika, tumefua, tumeoga,
tumebeba beseni hadi chumbani kwa mama
tangu kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kushoto.

Magumba alitaka sentimita themanini, kama nyumba zote.
Nikamkalisha kwenye kiti cha mama.
Akanyoosha mikono, akafikiri,
akachora mstari kwenye sitini na tano.

Plasta ikapasuka. Kiungo kikaonekana.
Spana moja ikashika, nyingine ikageuza,
chuma kikapiga yowe, kikaachia,
na kwenye meno ya bomba,
pale tunapozungusha tepu nyeupe siku hizi,
palikuwa na uzi.
Uzi mwekundu wa pamba, umelowekwa rangi ya mafuta,
mizunguko kumi na tisa. Nilihesabu.
Baba alikuwa zamu ya usiku, kiwanda cha nguo;
alikuwa akirudi alfajiri na nyuzi kwenye nywele,
nyuzi kwenye soksi, nyuzi hadi kwenye uji.

"Aliyefunga hapa hakuwa fundi,"
alisema Magumba, akiunusa.
Kisha, baada ya kitambo: "Lakini halikuvuja."

Shida ikawa koki kuu, kule nje kwenye mita.
Ukiikaza hadi mwisho bado inadondoka,
tone, tone,
na plastiki haikubali kuchomelewa ikiwa na maji.
"Nipe mkate," akasema.
Mama akasikia kutoka chumbani,
akaropoka kwa mdomo wake uliopinda:
"Nyaketcho! Mgeni ana njaa, wewe unamtazama tu? Mpe na chai!"

Chai akanywa. Mkate akaunyofoa moyo wake mweupe,
akaufinya donge, akalisukuma kwa kidole gumba
ndani kabisa ya koo la chuma.
Maji yakasita nyuma yake
kama wanafunzi waliochelewa mbele ya geti.
Akafunga kiungo chenye meno ya shaba,
akapasha moto pasi yake ya mabomba, akaunganisha,
akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza.
Chini akavika goti la kuzuia harufu,
na maji machafu tukayatobolea njia
hadi kwa migomba miwili ya uani.

Tulipofungua,
bomba lilikohoa mara tatu,
likatema kutu, likatema makombo,
likatoa maji ya rangi ya chai, kisha maji.
Mama, tayari kitini, akacheka hadi akashika ubavu:
"Limetapika kiamshakinywa!"

Koki ina mkono mrefu. Aliifungua kwa kiwiko.
Sabuni akailaza kwenye kiganja cha kushoto,
kile kisichojua tena kufumba,
akakisugulia cha kulia juu yake,
taratibu, kilicho macho juu ya kilicholala,
mpaka vyote viwili vikawa na povu.
Hakuna aliyemshikia kitu.
Nikajifanya natafuta taulo.

Uzi nimeuweka kwenye kopo la vifungo,
vifungo visivyo na shati.

Usiku nilitandika gazeti kavu chini ya goti.
Asubuhi lilikuwa na doa moja,
dogo kuliko sarafu ya shilingi mia.
Nikaikaza nati kwa mkono, robo mzunguko.
Magumba sikumpigia.