Rafu ya Katikati

Alikuja jua la saa nane, hakununua kitu.
Alisimama mbele ya kibanda changu hapa Pasua,
mikono ina masizi ya kuchomelea mageti,
akasema: Mama Siaeli, naomba kuweka kitu kwenye friji.
Nikadhani samaki. Nikadhani bia ya fundi wake.
Akafunua kitambaa kilicholowa: kichupa,
kidogo kuliko cha manukato.
Kisiguse barafu, mama. Kikiganda kimekufa.

Nikakiweka rafu ya katikati,
kati ya machungwa na tangawizi,
mimi ninayekula kwa kuuza sukari
nikamtunzia mtoto wa watu dawa ya sukari.

Jina, Ndekirwa. Miaka kumi na sita na miezi.
Kadi ya bima ipo, ina picha yake,
imefungiwa kabatini huko Kirua
pamoja na karatasi za kihamba.
Kilichowatenganisha sikukiuliza.
Alisema tu: Baba amesema nisivuke tena mfereji.

Dawa ikabaki matone.
Nikavaa gauni la kanisani,
maana dirishani hutazama nguo kwanza.
Bima? Hana.
Mzazi? Yupo.
Yuko wapi? Yupo.
Na wewe ni nani yake?
Nauza soda.
Binti hakucheka. Alinyoosha kalamu: chumba namba tisa.

Namba tisa wakataka barua ya mtendaji.
Mtendaji akataka neno la mjumbe.
Mjumbe yuko Kahe anamwagilia vitunguu,
mpaka Alhamisi.
Alhamisi akaja na tope la Kahe kwenye ndala:
Kwani huyu kijana hana kwao?
Anapo, nikasema, ndiyo taabu yenyewe.
Yatima angekuwa na barua tangu Jumatatu.

Siku hizo alijichoma nusu,
kisha nusu ya nusu.
Alikunywa maji kama rejeta inayovuja,
na suruali ikaomba kamba.

Nikapiga simu Kirua. Ikapokelewa.
Nikasikia kuku, nikasikia mtu anapumua,
halafu sauti ya mwanamke: Umekosea namba.
Lakini hakukata. Nikaongea.
Nikataja uzito wake, nikataja Alhamisi,
nikaongea mpaka salio likaniacha.
Usiku pesa ikaingia, jina la wakala, bila neno:
elfu kumi na tatu na mia tano.
Nani hutuma mia tano?
Aliyekung'uta mkoba mpaka pindo.

Bi Mfinanga wa namba tisa aliisoma barua mara mbili.
Penye *Uhusiano* palikuwa peupe.
Sijui neno lake, nikamwambia,
hata Kichaga sijui linaitwaje.
Akaandika kitu kifupi, akafunga faili.
Sikukiona. Nimekaa nacho tangu siku ile.
Tukapewa vichupa viwili na sindano.
Vipimo vimeisha, mjaribu mwezi ujao.

Sasa umeme ukikatika
natoka mbio kwa Shirima muuza nyama, mwenye jenereta,
kichupa kifuani,
na maziwa yangu nayakumbuka yameshachacha.

Juzi, saa tisa usiku, dirisha likagongwa.
Jasho limemwosha, midomo inacheza, maneno yamempotea:
sukari ile ile, sasa imeshuka.
Nikang'oa kizibo kwa kitasa cha mlango.
Akanywa ameketi juu ya kreti,
mbwa wa jirani wanabweka bila kupumzika,
na mimi nahesabu mafunda yake
kama nilivyohesabu ya Siaeli alipokuwa na surua.

Rangi iliporudi usoni, akasema: Andika.
Niandike nini?
Soda. Sitaki ya bure, mama.
Nikaleta daftari la madeni, nikaandika:
*Ndekirwa, machungwa, moja.*
Akaomba aone.
Nikamwonesha.
Akaenda kulala.