Kitufe cha Saba

Walikuja Wete na kamera tatu na jenereta bovu,
wakaniambia: Fundi Shaame, tutengenezee chombo
cha mwaka elfu mbili na mia tatu,
kinachosikia wazo la mtu kabla hajalisema.
Nikauliza, kinakula umeme kiasi gani?
Wakacheka. Kiwe na taa tu, bwana, taa nyingi.

Miaka ishirini nafungua redio za watu.
Chombo kizima hakina maneno;
kinachomwekamweka ndicho kinachoumwa.
Kipimo cha presha cha marehemu mama
kilikuwa kijivu, kibubu,
kikatoa namba mbili, na nyumba nzima ikakaa chini.

Lakini kazi ni kazi.
Dishi lililokunjwa na upepo,
betri na taa ya vespa ya shemeji Sururu,
mbuzi ya kukunia nazi, bila ulimi wake, ikawa usukani.
Nikapaka rangi ya fedha.
Kikang'aa kama uongo wa mshenga.

Usiku nikaona haya.
Nikakisugua msasa pale mkono utakaposhika,
nikakitia duara la kikombe cha chai,
maana hata mwaka huo wao
mtu ataambiwa asiweke kikombe juu ya mashine, naye ataweka.
Vitufe sita nikavifunga waya vyote,
kwani kidole hujua kinapobonyeza kitu
na kinapobonyeza bure,
na uso hauwezi kuficha.
Cha saba hakikuwamo kwenye mchoro.
Sijapata kufungua chombo cha kweli
kisicho na kitufe ambacho mwenyewe hajui cha nini.

"Na hiki?" akauliza mwongozaji.
"Sijui," nikasema, na nusu yake ilikuwa kweli.

Siku ya nne, baada ya isha,
jenereta likakohoa likafa, na umeme wa mji ukalifuata.
Giza la kushikana mikono. Mtu kakanyaga sinia.
Bi Mwanakombo, mpishi wao, akasema taratibu:
"Lidude lako hilo, Shaame, halina japo mshumaa?"
Nikapapasa.
Nne. Tano. Sita.

Wakala wali na changu
chini ya taa ya vespa ya Sururu,
mwongozaji akichambua miba kimya kimya.
Hapana aliyesikia wazo la mwenziwe,
ila Bi Mwanakombo,
aliyekuwa keshajua nani hajashiba.